Kibanda, kilima au gari: uwinde vipi ayala kwenye ranchi kavu usiyoijua

Juzi usiku mdogo wangu mmoja anayeishi Amarillo alinipigia simu, furaha na hofu zimemjaa kwa pamoja. Mwajiri wake amemwalika kwenye ranchi ya familia yao, kati ya Alpine na Marfa, magharibi ya Texas, akawinde siku tatu mwishoni mwa Novemba. "Kaka, mwenye ranchi ananiuliza nataka kuwinda kwa namna gani. Kuna kibanda kinachotazama lambo la ng'ombe, kuna vilima vya kupanda na darubini, na nikitaka atanizungusha kwa pikapu. Nimwambie nini?"

Amewinda mara mbili tu, zote mashariki ya Texas, kwenye misonobari iliyosongamana ambako ukimwona mnyama yuko hatua 60 kutoka ulipo. Huko anakokwenda ataona kilomita kumi mbele yake, na pengine asione mnyama hata mmoja. Nilimjibu kwenye simu, lakini jibu lilikuwa refu na usiku ulikuwa umekwenda. Nimeona niliandike, kwa kuwa ndugu zetu wengi wa Texas sasa wanaalikwa na wenzao wa kazini, na wengi wetu tumetoka kwetu tukijua kuwinda ni ujangili tu. Mkenya yeyote aliyezaliwa baada ya 1977, mwaka uwindaji ulipopigwa marufuku, hajawahi kuona leseni ya kuwinda mnyama mkubwa nchini kwake.

Kwanza tukubaliane juu ya mnyama. Nasema ayala, lile neno la Zaburi ya 42, kwa sababu kumwita swala au kulungu kunapotosha. Pembe za swala na kulungu ni za kudumu. Ayala dume huangusha zake kila mwaka msimu wa kupandana ukishapita, kisha huotesha nyingine. Magharibi ya Texas wako wa aina mbili. Kuna wa mkia mweupe, ambaye wenyeji humwita whitetail: akishtuka hunyanyua mkia kama kitambaa na kutokomea moja kwa moja. Na kuna mule deer, mwenye masikio makubwa kama ya nyumbu yule wa punda na farasi. Huyu akishtuka hurukaruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, na mara nyingi husimama kabla ya kuvuka kilele ageuke kukutazama. Tabia hiyo moja inabadilisha hesabu nzima ya jinsi ya kumwinda, kama utakavyoona.

Nchi inayofanana na kwetu, na hapo ndipo inapokudanganya

Mimi nimekulia Kongwa, Dodoma, jirani na ranchi ya ng'ombe. Nilipofika ng'ambo ya mto Pecos mara ya kwanza niliona nimerudi nyumbani: vumbi, miiba, malambo, kinu cha upepo kikivuta maji kutoka chini. Mti wao wa mesquite ni ndugu wa damu wa mathenge inayowasumbua watu wa Baringo na Garissa. Mipungate imejaa. Nikajiona mwenyeji.

Sikuwa mwenyeji. Marfa iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, asubuhi maji yanaganda kwenye chupa na mchana unavua koti. Hewa ni safi na miti ni michache, kwa hiyo jicho halina cha kupimia umbali. Siku ya pili ya safari ile nilimwona dume amesimama kando ya mesquite. Nikakadiria yadi 150, nikalenga katikati ya kifua, nikafyatua. Vumbi likaruka chini ya kifua chake, naye akaondoka kwa ile miruko yake. Mwenye ranchi alipokuja na kipima-umbali chake cha leza kikasoma yadi 310. Namshukuru Mungu risasi ilipita chini kabisa, maana ingeweza kumvunja mguu, akafie mbali kwa maumivu ya siku nzima.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu ranchi asiyoijua, sianzi na njia ipi inaua zaidi. Naanza na hili: njia ipi itakusamehe usichokijua? Majibu yangu yote hapa chini yanatoka kwenye swali hilo.

Kibanda

Kibanda cha kuvizia ni chumba kidogo cha mbao au plastiki ngumu, mara nyingi kimeinuliwa kwa miguu, chenye madirisha membamba. Kinatazama lambo, au pipa lenye mashine inayomwaga mahindi kwa saa maalumu. Kwenye ardhi binafsi ya Texas kuweka mahindi ni halali, usione aibu kuuliza kama yapo.

Uzuri wake ni kwamba mtu mwingine ameshakufanyia kazi ya kuijua ardhi. Umbali unajulikana: uliza tu, utaambiwa lambo liko yadi 120 na ule mwamba mweupe uko 180. Mwelekeo salama wa risasi ulishafikiriwa kibanda kilipojengwa. Bunduki inaegemea dirishani, mkono hautetemeki. Mtoto wako wa miaka 12 anaweza kukaa kando yako akanong'ona. Na kwa sisi Waislamu lipo jambo jingine la uzito: unasoma tasmiya, yaani Bismillahi, wakati wa kufyatua, na ukimkuta mnyama bado yu hai unapaswa kumchinja. Kutoka kibandani unamfikia baada ya dakika chache. Kutoka kilimani inaweza kukuchukua nusu saa ya kushuka na kupanda makorongo. Muulize sheikhe wako undani wa hukumu, lakini hesabu ya miguu ni hiyo.

Ubaya wake kwenye nchi kavu iliyo wazi ni huu: ayala wa pale hana sababu ya kupita mbele yako. Kusini ya Texas, kwenye vichaka vizito, njia zimekatwa na mnyama hulazimika kuvuka uwazi. Huku magharibi kila mahali ni uwazi. Lambo huvuta wanyama hasa kukiwa kukavu kwelikweli. Mvua ikinyesha wiki moja kabla, kila shimo la mwamba lina maji na kibanda chako kinatazama ng'ombe. Tena ikiwa madume unayoyataka ni mule deer, mwishoni mwa Novemba kuelekea Desemba akili zao zinaanza kuhamia kwa majike, wanatembea mbali, na dume uliyemwona jana jioni leo anaweza kuwa bonde la tatu.

Kilima

Hii ndiyo njia niipendayo na sitaficha. Lakini watu wengi wanaielewa vibaya. Wanadhani ni kutembea. Mimi nilitembea safari ile ya kwanza, kutwa nzima, na nilichoona ni mikia. Kwenye uwazi ukitembea, wewe ndiye kitu pekee kinachosogea ndani ya kilomita tatu. Macho ya ayala yako pembeni mwa kichwa, yanaona karibu pande zote. Rangi nyekundu na chungwa haioni vizuri, ila kitu kinachosogea anakiona upesi mno.

Kuwinda kwa kilima ni kukaa. Unapanda gizani na kufika kabla ya mapambazuko. Kule mwisho wa Novemba jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi, na sheria inakuruhusu kuanza nusu saa kabla ya hapo. Unakaa chini kidogo ya kilele ili usionekane dhidi ya mbingu, jua likiwa mgongoni. Kisha unatazama kwa darubini ya macho mawili, yenye kukuza mara 10, na ikiwezekana umeiweka juu ya miguu mitatu. Hiyo miguu mitatu ina faida kuliko watu wanavyofikiri. Darubini ikitulia unaona sikio likipepea umbali wa kilomita moja. Ikiwa mkononi, mtetemo wa mapigo ya moyo wako unalificha sikio hilo.

Usitafute ayala mzima. Tafuta mstari wa mgongo uliolala mlalo kati ya mimea inayosimama wima. Tafuta ncha nyeusi ya mkia, ng'aro ya pembe, au kivuli chenye umbo lisilo la jiwe. Pita mlima kwa mistari kama anayepalilia shamba, tuta kwa tuta, kisha rudia mlima uleule. Yule ambaye hakuwepo saa mbili atakuwepo saa tatu, maana kivuli kimesogea naye amenyanyuka kukifuata. Kuanzia kama saa nne mvuke wa joto huanza kucheza juu ya ardhi na picha inatetemeka. Hapo pumzika, kula, lakini usishuke. Madume hulala kwenye vivuli vya miteremko mchana kutwa na hunyanyuka kujinyoosha.

Ukimwona, ndipo miguu inapoanza kazi, na ndipo ugeni wako unapokuja kukudai. Kunyatia kuna mambo mawili yanayotangulia yote: upepo na alama.

Upepo kwenye vilima una ratiba. Asubuhi hewa ya baridi huteremka mabondeni. Jua likishapasha miteremko hewa hupanda. Jioni huanza kushuka tena. Kwa hiyo njia uliyoipanga saa moja na nusu inaweza kukupeleka puani kwa mnyama ukifika saa tatu. Kwetu tulikuwa tukimimina vumbi kiganjani kuona linakoelekea. Hapa fanya hivyohivyo, au beba kichupa cha unga mwepesi, upulize kila baada ya hatua mia.

Alama ni hii: kutoka kilimani dume wako yuko kando ya yucca mbili, ile mimea ya majani yenye ncha kali kama katani, na jiwe jekundu. Ukishuka korongoni utakuta yucca 40 na mawe yote ni mekundu. Piga picha kwa simu kupitia darubini kabla hujaondoka. Chagua alama kubwa mbili, moja mbele ya mnyama na moja nyuma yake, ambazo utaziona ukiwa chini. Mimi huchora kwenye karatasi, na sioni haya kwa hilo.

Halafu umbali. Bila kipima-umbali cha leza sikushauri ufyatue huku hata kama macho yako ni ya tai. Bunduki ya kipimo cha .270 iliyorekebishwa ipige sawasawa yadi 200 itashuka karibu sentimita 16 ifikapo yadi 300, na upepo wa wastani wa ubavuni utaisukuma kiasi kama hicho. Mdogo wangu amezoea yadi 60. Nimemwambia aende kiwanja cha shabaha mara tatu kabla ya safari, apige akiwa ameketi na bunduki juu ya fimbo za kuegemeza, siyo mezani. Umbali ambao risasi zake tano zote zinaingia kwenye sahani ya chai ndio mpaka wake. Ukiwa yadi 180, basi ni 180, hata dume liwe na pembe kama mti wa mwembe.

Habari njema ni ile tabia ya mule deer niliyoitaja. Ukikosea kidogo katika kunyatia, mara nyingi hukupa kituo kimoja cha kutazama nyuma. Wa mkia mweupe hatakupa hicho. Kwa hiyo kama ranchi ina wa mkia mweupe zaidi, kilima kinapungua thamani machoni pangu na kibanda kinapanda.

Gari

Ndani ya mipaka ya ardhi binafsi Texas inaruhusu kuwinda ayala ukiwa kwenye gari, mradi si kutoka barabara ya umma. Zipo ranchi zenye pikapu zilizofungwa viti juu kabisa. Kwa mzee asiyeweza kupanda, au mtu mwenye ulemavu, ni njia ya heshima na nisingemnyima mtu.

Kwa kijana mwenye afya siioni faida yake kama njia ya kuwindia. Unazunguka sana, unaona mengi, hujui uko wapi, na mnyama ukimwona unapewa sekunde tano za kuamua jambo ambalo halitaki haraka. Lakini gari lina kazi moja ambayo kibanda na kilima haviwezi: kukuonyesha nchi. Mwombe mwenye ranchi akuzungushe mchana wa kwanza bila bunduki. Akuonyeshe uzio wa mpaka unapopita, malambo yenye maji na yaliyokauka, nyumba ya mfanyakazi, mahali simu inaposhika. Masaa mawili hayo yana thamani kuliko ramani yoyote, ingawa programu ya ramani inayoonyesha mipaka uwe nayo, na uipakue kabla ya kutoka mjini.

Mipaka, karatasi na rangi yako

Hili linaingia kwenye uchaguzi wa njia moja kwa moja. Kibandani huwezi kuvuka mpaka kwa bahati mbaya. Kilimani unaweza. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni ya watu binafsi, na ranchi za huko hupimwa kwa "section", kila moja ekari 640, zikipakana bila mti wala mto wa kukuonya. Mstari wa rangi ya zambarau kwenye nguzo au mti maana yake kisheria ni usiingie, hata pasipo kibao. Risasi yako hairuhusiwi kuvuka mpaka bila ruhusa ya jirani. Na ayala uliyemjeruhi akiruka uzio, huna haki ya kumfuata mpaka mwenye ardhi ya pili akubali. Mnyama akiwa karibu na mpaka, mwache aingie ndani kwanza.

Karatasi: leseni ya mkaazi wa Texas ni dola 25, na ukaazi ni miezi sita mfululizo kabla ya kununua, mtu wa jimbo jingine hulipa dola 315. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Mwenye visa ya muda, kwa mfano mwanafunzi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine uliotajwa, kwa hiyo asiguse hata ya kuazima kabla hajahakikisha. Soma kanuni za kaunti unakokwenda: tarehe za mule deer ni chache kuliko za mkia mweupe, jike lake kwa kawaida huhitaji kibali maalumu cha ranchi, na kaunti nyingine zina kipimo cha upana wa pembe.

Na hili nalisema kwa uzito kama nilivyomwambia yeye. Mwanamume mweusi asiyejulikana, peke yake, na bunduki, kwenye ardhi ambayo majirani wanajuana kwa majina na magari. Mwombe mwenye ranchi awaarifu majirani na wafanyakazi kwamba utakuwepo, upande gani, siku gani. Beba ruhusa yake ya maandishi pamoja na leseni. Vaa fulana ya chungwa ingawa kwenye ardhi binafsi sheria haikulazimishi. Ayala haitamsumbua, na binadamu atakuona kutoka mbali kama mwindaji aliyealikwa. Anayekaa kibandani anahitaji haya kidogo, anayepanda kilima anayahitaji yote.

Nilichomchagulia

Siku tatu, mtu mwenye miguu mizuri, bunduki anaijua kiasi, nchi haijui kabisa, mnyama ni mule deer. Mchana wa kwanza gari bila bunduki. Asubuhi ya pili kilima kimoja tu, kile mwenye ranchi atakachomwonyesha, na abaki pale mpaka jioni akiwa na galoni moja ya maji. Asubuhi ya tatu kilima hichohicho, kwa kuwa sasa ameshaanza kukijua. Jioni ya tatu, kama bado hajapata, aende kibandani. Mwindaji aliyechoka na mwenye haraka ya mwisho ndiye anayefyatua asipopaswa, na kibanda chenye umbali uliopimwa kitamshika mkono.

Angekuwa na mwanawe, au bunduki ameinunua mwezi uliopita, ningemwambia kibanda siku zote tatu na asijione mdogo. Angekuwa anakwenda ranchi ya vichaka kusini, vivyo hivyo.

Akanikatiza kuuliza nyama. Swali zuri, maana njia uliyochagua ndiyo inayoamua nyama itafika vipi. Novemba mchana wa huko unaweza kupita nyuzi 25. Ukimpata karibu na kibanda, pikapu inafika. Ukimpata kilimani saa saba mchana, uko kilomita tatu kutoka njia ya gari na joto linafanya kazi dhidi yako. Kwanza mfungie tagi, ile karatasi ya leseni yako, papo hapo, kabla ya picha. Kisha toa matumbo, chuna, tenganisha mapande, yaingie mifuko ya kitambaa na kivulini. Angalia unapoweka mkono na goti: nyoka mwenye manyanga mkiani bado hutoka siku za joto. Ubongo na uti wa mgongo usivile. Ugonjwa wa kukondesha ayala uligunduliwa Texas kwa mara ya kwanza 2012, kwa mule deer wa milima ya Hueco karibu na El Paso. Haujaonekana kumwingia binadamu, ila ushauri wa wataalamu ni kumpima mnyama na kutomla akikutwa nao. Na nyama yenyewe gawa, usiuze. Najua majirani watauliza bei ya nyama pori. Kuiuza ni kosa la jinai.

Ameniahidi atabeba begi la mgongoni lenye fremu na masanduku mawili ya barafu, na moja atalijaza Fort Stockton njiani, siyo Amarillo, ili barafu ifike nzima.